Kukarabati na Kuhifadhi Magari ya Kijeshi ya Enzi za Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya anayetaka kununua gari lake la kwanza, aliyerithi moja na hajui alifanye nini, na hata yule anayetaka tu kuelewa kwa nini mtu mzima hulala chini ya lori la mwaka 1943 mpaka usiku wa manane. Nimeyapanga jinsi maswali yenyewe yanavyokuja: kwanza shauku, kisha kutu, kisha hatari.

Magari yanayozungumziwa hapa ni yapi?

Ni yale yaliyotengenezwa au kutumika vitani, hasa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) na Vita Kuu ya Pili (1939–1945). Wengi wakisikia "gari la vita" hufikiria kifaru. Lakini vita vile vilibebwa na malori, Jeep, pikipiki, magari ya wagonjwa na trela za maji. Kampuni za Willys na Ford kwa pamoja zilitengeneza takriban Jeep 640,000 kati ya 1941 na 1945. Malori ya GMC CCKW ya tani mbili na nusu yalizidi 500,000. Pikipiki za BSA M20 zilizidi 120,000, na kigari kidogo cha deraya cha Waingereza, Universal Carrier, kilizidi 100,000.

Kwa hiyo kile ulichokikuta bandani kina uwezekano mkubwa wa kuwa lori au trela. Usikidharau. Kati ya tarehe 25 Agosti na 16 Novemba 1944, misafara ya malori iliyoitwa Red Ball Express ilikimbiza petroli, chakula na risasi kutoka Normandy, Ufaransa, kwenda mstari wa mbele, usiku na mchana. Vifaru vilivyokosa petroli hiyo vilisimama. Lori lililokuwa kwenye msafara ule lina habari nzito sawa na kifaru chochote.

Kuhifadhi, kukarabati na kuunda upya: tofauti ni nini?

Kuhifadhi ni kusimamisha uharibifu: kuzuia kutu isiendelee, kukausha, kufunika, na kuliacha gari na umri wake usoni. Kukarabati ni kulirudisha gari kwenye hali iliyowahi kuwa nayo kweli, kwa ushahidi. Kuunda upya ni kuchukua mabaki, wakati mwingine chasisi tu na kibati cha namba, ukajenga gari juu yake kwa spea mpya.

Yote matatu yana nafasi yake. Ninachopinga ni kuyachanganya majina. Gari lililojengwa kwa bodi mpya ya bati likaitwa "halisi la mwaka 1942" linamdanganya atakayekuja baadaye, na mara nyingi aliyedanganywa wa kwanza ni mwenye gari mwenyewe.

Kanuni ninayoifuata, na ambayo wahifadhi wa makumbusho pia huifuata, ni hii: fanya kidogo iwezekanavyo, fanya kwa namna inayoweza kutenguliwa, na andika ulichofanya. Rangi unaweza kuipaka leo, kesho, hata baada ya miaka kumi. Rangi ya kiwandani ukishaipangusa kwa mashine ya kupuliza mchanga, imekwenda, pamoja na kila alama iliyokuwa chini yake. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina hati yake inayoitwa Hati ya Turin yenye msimamo wa namna hiyo hiyo. Isome kabla hujashika msasa.

Nimepata gari lililolala miaka mingi. Nianze na nini?

Anza na kamera na daftari. Piga picha gari likiwa pale pale lilipo, kabla hujaliosha, kabla hujafungua hata nati moja. Piga pande zote, uvungu, injini, nyuma ya dashibodi, njia ya kila waya na kila bomba la breki. Baada ya miezi minane utasimama na kibano mkononi usijue kilitoka wapi, na picha ya siku ya kwanza ndiyo itakayokujibu.

Kisha pekua taratibu. Kwenye Jeep, tanki la petroli limekaa kwenye shimo chini ya kiti cha dereva, na humo hujikusanya tope la miaka yote. Watu hulimwaga kwa mpira wa maji. Mimi hulitoa kwa kijiko na kulipitisha kwenye chekecheo. Katika tope la namna hiyo niliwahi kupata kijiko cha kulia cha askari, kimepinda, na kwenye mpini mtu amechora herufi mbili kwa ncha ya msumari. Hakina thamani sokoni. Lakini kilikuwa mfukoni mwa mtu, na kwangu kinasema zaidi kuliko bodi nzima. Kimewekwa kwenye mfuko wake na lebo inayotaja gari na mahali kilipokutwa.

Kila unachokifungua kitie kwenye mfuko wenye lebo. Bolti zirudishe kwenye matundu yake zinapofaa. Usitupe chochote mpaka gari limekamilika. Hata bati lililooza ni kielelezo cha kukatia bati jipya.

Karatasi za umiliki nazo zishughulikie mapema. Gari kuachwa porini si kwamba halina mwenyewe, na nchi nyingi zina sheria kuhusu mabaki ya vita.

Si bora niliwashe kwanza nijue kama injini ni nzima?

Hapana. Injini nyingi zilizolala salama miaka arobaini huharibiwa dakika ile ile ya furaha. Pete za pistoni zimeshika kutu kwenye silinda, valvu zimeganda, oili imekuwa lami, na panya wamejaza eksozi nyasi. Ukizungusha kwa nguvu ya starta unakata pete au unapinda valvu.

Toa plagi zote. Mwagia kila silinda oili nyepesi, au mchanganyiko wa oili ya giaboksi otomatiki na asetoni, ambao mafundi wengi huutegemea. Subiri siku kadhaa, ongeza, subiri tena. Halafu jaribu kuzungusha kwa hendeli, taratibu, mbele na nyuma. Ikigoma, usiirukie. Fungua kichwa cha injini uone. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, fungua sampu uisafishe, badilisha mipira yote ya petroli, osha tanki, na hakikisha maji yanazunguka.

Injini za nyota zina kisa chao. Vifaru vingi vya Sherman, vya Wamarekani, vilitumia Continental R975, injini ya ndege yenye silinda tisa zilizopangwa duara. Ikisimama, oili huteremka na kujaa kwenye silinda za chini. Oili haibonyei kama hewa. Pistoni ikipanda ikaikuta, konrodi hupinda. Ndiyo maana askari walipaswa kuzungusha injini kwa mkono, moto ukiwa umezimwa, kabla ya kuiwasha. Mikono inauma, lakini ukiikuta oili inatoka kwenye tundu la plagi ya chini unaelewa kwa nini amri ile iliandikwa.

Nitajuaje kama Jeep yangu ni ya vita kweli, na kama ni Willys au Ford?

Tazama chuma kinachokingama mbele ya chasisi, chini ya radieta. Kikiwa bomba la duara, ni chasisi ya Willys MB. Kikiwa na umbo la U iliyopinduliwa, ni Ford GPW. Ford pia walipiga chapa ya herufi F kwenye bolti na vipande vingi, hata vidogo. Ukiziona hizo F chini ya grisi utacheka peke yako. Willys za mwanzo kabisa zina grili ya vyuma vilivyochomelewa kimoja kimoja. Baadaye wote wakatumia grili ya bati lililokatwa, yenye nafasi tisa. Injini ni ya silinda nne, takriban lita 2.2, nguvu za farasi 60, na umeme wa volti 6.

Ukikuta umeme wa volti 24, huenda ni Hotchkiss M201 ya Ufaransa, iliyotengenezwa baada ya vita kwa leseni. Ni gari zuri, ila si la Normandy. Na majeshi ya baada ya vita yalifungua Jeep za zamani kwa mamia, yakachanganya spea, yakazifunga upya. Chasisi ya Ford yenye bodi ya Willys kwa hiyo si lazima iwe ulaghai. Ni historia ya gari lenyewe, na binafsi naona haina haja ya "kusahihishwa".

Kibati cha dashibodi ndicho cha mwisho kukiamini. Vibati vipya huchapishwa na kuuzwa. Amini chuma.

Nipake rangi gani?

Kabla ya kuuliza upake gani, tafuta ni ipi iliyopo.

Chukua boneti. Loweka kipande kidogo cha msasa laini, namba 1000 au zaidi, sugua kwa maji mahali pamoja, duara dogo, ukifuta kila baada ya misuguo michache. Utaona pete kama za mti. Juu kijani cha miaka ya sabini. Chini yake bluu ya mkulima aliyelitumia shambani. Kisha praima ya kijivu. Kisha kijani-kahawia kilichofifia, kisichong'aa hata kikiwa kimelowa. Hapo punguza mkono. Kwenye boneti moja nilikaa siku mbili namna hiyo, na jioni ya pili ukatokea ukingo wa weupe ulionyooka mno kuwa mkwaruzo. Ulikuwa mguu wa herufi A. Nilifuata upande wa kushoto nikapata nukta, kisha S, kisha nukta, kisha U. Chini yake zilianza tarakimu: 2, 0, na nyinginezo.

Jeshi la Marekani lilitoa namba za usajili zenye kiambishi kinachoonyesha aina ya gari, na Jeep zilianza na 20. Namba hiyo humpa gari jina lake. Ukiwa nayo unaweza kuitafuta kwenye picha za wakati ule. Kama ningepeleka boneti ile kwenye mashine ya mchanga, ningerudi na bati safi lisilo na neno la kusema.

Kuhusu rangi zenyewe: Wamarekani walitumia kijani-mzeituni kisichong'aa. Ukiona mtu anakuuzia "rangi halisi ya mwaka 1943" kwa namba ya FS, yaani ya viwango vya rangi vya serikali ya Marekani, jua kwamba mfumo huo wa namba ulitolewa mwaka 1956. Inaweza kukaribia, lakini si namba ya wakati wa vita. Wajerumani walitumia kijivu cheusi, RAL 7021 kwa namba zao za rangi, mpaka Februari 1943 walipohamia njano ya mchanga, RAL 7028, wakachora juu yake kijani na kahawia. Waingereza waliingia kwenye kijani-mzeituni chenye namba yao ya SCC 15 mwaka 1944. Kabla ya hapo kulikuwa na kahawia. Rangi zilichanganywa viwanda tofauti, zikapakwa haraka, zikachomwa na jua. Magari mawili ya kikosi kimoja hayakufanana, na mtu asikunyime usingizi kwa tofauti ya kivuli.

Jambo moja tu: isiwe na mng'ao. Gari la kijeshi lililong'arishwa kama la harusi linaniuma kuliangalia.

Kutu niiondoeje bila kula chuma?

Kwa vipande vidogo hakuna njia ninayoipenda kama umeme kwenye maji ya magadi. Jaza ndoo ya plastiki maji, yeyushia magadi ya kufulia (sodiamu kaboneti), tumbukiza kipande. Waya hasi wa chaja uende kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Vyuma viwili visigusane. Kesho yake kutu itakuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chuma kizima hakijaguswa. Fanyia mahali penye hewa, kwa sababu inatoka hidrojeni, na cheche moja inatosha. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwani hutoa kromiamu yenye sumu. Alumini usiitumbukize kabisa; italiwa.

Mashine ya mchanga iache kwa chasisi na rimu, baada ya kuhakikisha hakuna alama za kuokoa. Bati jembamba hupinda kwa mapigo yake.

Kilichotoka baharini ni habari nyingine kabisa. Chumvi imeingia ndani ya chuma, na kikikauka tu kinaanza kubanduka maganda. Kifaru cha Sherman kilichotolewa baharini karibu na Slapton Sands, Uingereza, mwaka 1984, kimesimama Torcross kama kumbukumbu ya askari waliokufa kwenye mazoezi ya Aprili 1944. Kimepakwa kinga nyeusi, na hakuna aliyejaribu kukirudishia sura ya kiwandani. Nadhani walifanya sawasawa.

Nibadilishe umeme wa volti 6 kuwa 12?

Sishauri. Malalamiko mengi ya "volti 6 ni dhaifu" yanatokana na nyaya nyembamba za betri na maungio yenye kutu. Weka nyaya nene, safisha kila mahali waya unapogusa chasisi, na starta itaamka. Ukilazimika kubadilisha, hifadhi vifaa vya zamani kwenye sanduku pamoja na gari.

Petroli, oili na breki za siku hizi zinafaa?

Petroli ya kawaida inatosha kabisa, kwa sababu injini hizi zina mgandamizo mdogo. Zilibuniwa kwa petroli hafifu ya wakati wa vita. Tatizo ni ethanoli inayochanganywa siku hizi. Inavuta maji na inaozesha mipira ya zamani. Badilisha mipira na dayaframu ya pampu, na usiache petroli kwenye karbureta ukilaza gari kwa miezi.

Injini ambayo haijawahi kufunguliwa, usiikurupushie oili ya kisasa yenye sabuni nyingi. Inang'oa uchafu wa miaka na kuupeleka kwenye matundu ya oili. Safisha sampu kwanza.

Breki nyingi za wakati ule zina mfumo mmoja tu: bomba moja likipasuka, huna breki gurudumu lolote. Badilisha mabomba yote na mipira yote, bila huruma ya kihistoria. Wengi wetu hutumia oili ya breki ya silikoni, DOT 5, kwa kuwa haivuti maji na haili rangi. Usiichanganye hata tone na oili za breki za kawaida, DOT 3 au DOT 4.

Hatari kubwa zaidi ni ipi?

Wengi hujibu risasi. Mimi naanza na rimu.

Jeep na malori mengi ya vita yana rimu za vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, au zenye pete ya kufungia. Ukilegeza nati zisizopaswa tairi likiwa na upepo, vipande hivyo vinaruka kwa nguvu ya kuua. Kila mara, hata kama tairi linaonekana limelala, toa sindano ya valvu, pitisha waya kwenye tundu kuhakikisha halijaziba, ndipo ushike spana. Wakati wa kujaza upepo weka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma, tumia mpira mrefu, na usisimame mbele yake. Fundi yeyote anayekucheka kwa tahadhari hiyo, usimpe gari lako.

Baada ya hapo kuna sumu zilizofichika. Baadhi ya saa na dira za dashibodi zilipakwa radiamu ili zionekane gizani. Mwanga wake umekwisha, lakini mionzi haijaisha: nusu ya radiamu hubaki hata baada ya miaka 1,600. Usifungue kioo, usisugue mshale, usipulize vumbi lake. Viatu vya breki, klachi na vitambaa vya eksozi vina asbesto; usivipulize kwa upepo wa kompresa, vifute vikiwa vimelowa. Rangi za zamani zina risasi, ile metali, kwa hiyo sugua kwa maji na uvae barakoa ya chujio.

Kizimamoto kidogo cha shaba kilichofungwa karibu na dereva kinapendeza machoni. Kikiwa bado kina maji yake ya asili, hayo ni kaboni tetrakloridi, sumu kwa kuvuta tu, na ikipata joto hutoa fosijeni, gesi iliyotumika kuua watu kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kipeleke kwa wataalamu wa taka za sumu kikamwagwe, ukirudishe kikiwa kitupu kama pambo. Fosijeni hiyo hiyo hutokea ukichomelea chuma ulichokisafisha kwa dawa zenye klorini. Na tanki la petroli, hata likiwa tupu miaka thelathini, usilichomelee mpaka limeoshwa na kujazwa maji.

Nikikuta risasi, bomu la moshi au mifupa?

Simama. Usiguse, usihamishe, usipige picha kwa karibu. Ondoa watu, ita polisi. Watawaita wataalamu wa mabomu. Baruti ya zamani haipoi kwa umri, mara nyingi inazidi kuwa kali.

Ukikuta mabaki ya binadamu, kazi yako ya ufundi imekoma mpaka mamlaka imalize yake. Kuna familia inayosubiri jina.

Na bunduki iliyofungwa juu ya gari?

Fuata sheria ya nchi uliyomo, neno kwa neno. Wengi huweka mfano wa mbao au chuma usioweza kufyatua. Ukipakwa vizuri hakuna anayeona tofauti akiwa hatua tano.

Spea zinapatikana wapi?

Za Jeep, karibu zote zinatengenezwa upya. Mtu anaweza kujenga Jeep nzima kwa katalogi, na ndiyo sababu nilisema amini chuma. Za malori ya GMC na Dodge, nyingi bado zipo kwenye maghala, zimefungwa kwenye karatasi ya nta ya wakati wa vita. Za Wajerumani ni adimu na ghali, na wadanganyifu ni wengi.

Chombo kitakachokufaa kuliko vyote ni vitabu vya jeshi vya wakati ule. Kwa Jeep, mwongozo wa TM 9-803 na orodha ya spea ya SNL G-503; lori la CCKW lina G-508. Orodha hizi zina namba ya kila bolti. Ukienda sokoni na namba ya spea badala ya maelezo ya mikono, unaheshimiwa na huuziwi kitu kisichoingia. Vyama kama MVPA cha Marekani na Military Vehicle Trust cha Uingereza vina wanachama ambao kwa swali moja la kistaarabu watakuokolea mwaka mzima.

Kifaru kinatofautianaje na gari la kawaida?

Kwa uzito, na kila kitu kinafuata uzito. Jeep ina kilo 1,100 hivi; Sherman inazidi tani 30; Tiger ya Wajerumani inakaribia 57. Huwezi kuinua mnara kwa winchi ya gereji wala kushika pini ya mnyororo kwa mkono mmoja. Injini nazo ni za ajabu. Aina moja ya Sherman ina injini ya Chrysler iliyounganishwa kutoka injini tano za gari, silinda 30 kwa jumla. Fikiria kutafuta moto uliokosa kwenye plagi moja kati ya hizo.

Mfano mzuri wa subira ni Tiger 131, iliyotekwa Tunisia mwaka 1943 na sasa iko Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, Uingereza. Iliondolewa kwenye maonyesho mwaka 1990 ili ikarabatiwe, ikarudi inatembea mwaka 2003. Miaka kumi na mitatu, kwa makumbusho yenye karakana, wataalamu na msaada wa jeshi.

Liendeshwe au lisimame tu?

Hapa wapenzi wa magari haya hugombana, na pande zote mbili zina hoja. Anayeendesha anasema gari bila sauti, harufu na mtikisiko wake ni sanamu, na mafundi hawawezi kurithishana ujuzi kwa kutazama. Anayesimamisha anasema kila kilomita inakula chuma ambacho hakitengenezwi tena.

Msimamo wangu unategemea idadi. Jeep na malori ya GMC yamebaki maelfu; yaendeshwe, tena kwa furaha. Kilichobaki kimoja kisiwashwe. A7V, kifaru cha kwanza cha Wajerumani, vilitengenezwa 20 tu, na kimebaki kimoja halisi, kiitwacho Mephisto, huko Brisbane, Australia. Hakuna safari ya kukipeleka inayostahili hasara ya kukivunja.

Naruhusiwa kuweka alama za Wanazi kwenye gari la Kijerumani?

Ujerumani ni kosa la jinai kuonyesha swastika hadharani, isipokuwa kwa makusudi kama elimu, sanaa na utafiti. Hata pale sheria inaporuhusu, fikiria watu watakaosimama mbele ya gari lako. Alama iliyokuwepo kweli inaweza kuonyeshwa makumbusho pamoja na maelezo yake. Kuivalia sare na kupeperusha bendera kwenye sherehe za mtaani ni kuwakanyaga waliopoteza watu wao.

Yapo magari ambayo hayapaswi kukarabatiwa kabisa?

Yapo. Tarehe 20 Novemba 1917, katika mapigano ya Cambrai, kifaru cha Waingereza cha Mark IV kilichoitwa Deborah kilipigwa mizinga kijijini Flesquières, Ufaransa. Kilizikwa ardhini, kikafukuliwa mwaka 1998. Upande mmoja umechanika, chuma kimejikunja kama karatasi. Karakana nzuri ingeweza kukinyoosha. Hawakukinyoosha. Tangu 2017 kimewekwa kwenye makumbusho yake pale pale kijijini, jirani na makaburi walimozikwa watu wake waliouawa siku ile. Ukitazama lile tundu na kujua watu walikuwa ndani, huhitaji maelezo mengine. Kukijaza bati jipya kungekuwa kufuta ushahidi wa kifo chao.

Hata kwa gari dogo, tundu la risasi lenye ushahidi usilizibe.

Itachukua muda gani?

Jeep kamili yenye injini nzima, ukifanya kazi mwisho wa wiki, miaka miwili mpaka mitatu. Lori, ongeza. Mabaki yasiyo na injini, usijiwekee tarehe. Magari mengi yanayouzwa vipande vipande kwenye maboksi ni ya watu waliofungua kila kitu mwezi wa kwanza. Fungua sehemu moja, imalize, ndipo uende nyingine.

Likikamilika nilitunzeje?

Pakavu, penye hewa, sakafu isiyotoa unyevu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60, kutu huenda kasi. Usilifunike kwa nailoni. Hutoa jasho chini yake. Tumia kitambaa kinachopumua. Inua chasisi kwenye stendi ili matairi yasipate bapa. Na acha tabia ya kuliwasha dakika tano kila mwezi. Injini isiyopata moto kamili hutengeneza maji ndani ya oili na eksozi. Liendeshe mpaka lipate joto kweli, au lilaze vizuri.

Turubai la asili likunjue, lihifadhi gizani, na ushone nakala ya kutumia.

Sina gari wala gereji. Naweza kusaidia?

Unaweza, na pengine kuliko mwenye gari. Magari yapo, lakini walioyaendesha wamebaki wachache mno. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa dereva au fundi wa jeshi, au watoto wake wanaokumbuka alichosimulia, rekodi sauti. Muulize oili waliipata wapi, walilala wapi, gari lilikuwa linakwama gia ya ngapi. Na zile picha za zamani zilizo kwenye bahasha, geuza kila moja, andika nyuma kwa penseli laini nani yupo, wapi, mwaka gani. Kama kuna gari nyuma yao na namba inasomeka kwenye boneti, iandike hiyo pia, tarakimu zote. Gari lenyewe huenda bado lipo, chini ya rangi ya bluu ya mkulima.